Kishindilio cha Bwana Ernesti

Chumbageni, Tanga
11 Februari 1956

Kaka yangu Massoud,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, na mikono yake umbusie kwa niaba yangu. Sisi huku hatujambo. Shemeji Zubeiri, ndugu wa marehemu mume wangu, amepata mtoto mwingine wa kike. Anajifanya kununa, lakini kila jioni nikipita namwona amempakata barazani. Mwanangu Wanu mwambie zile shanga alizozitaka nimezipata, zitakuja na mtu wa kwanza atakayevuka kuja Pemba. Na goti la Mama je? Bado anashuka kisimani mwenyewe?

Uliniuliza kama bado naosha vikombe kwenye mkahawa wa yule Mtaliano. La, kaka, sioshi tena. Nimepandishwa, na nakueleza mwenyewe ili usisikie kwa watu.

Bwana Ernesti ana mashine ya kahawa iliyotoka kwao, kubwa kama kabati, ina mikono mirefu ya kuvutwa chini. Kahawa yake si kama yetu ya dele, ya kutokota polepole juu ya makaa. Unga unatiwa ndani ya kijikombe cha chuma chenye mpini, unashindiliwa, ndipo maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu yapite katikati yake. Kazi yote iko kwenye kushindilia. Ukilegeza, maji yanapita mbio na kahawa inatoka chapwa. Ukikaza mno inadondoka tone tone, chungu kama shubiri. Ukilalia upande mmoja, maji yanatorokea upande wa pili. Eliudi, Mbondei wa Muheza anayehudumia wateja, ndiye aliyekuwa akishindilia kwa mkono. Eliudi akiwa na furaha kahawa inakuwa hivi, akigombana na mkewe inakuwa vile, na Wazungu wa mashamba ya mkonge wakawa wanarudisha vikombe.

Basi Bwana Ernesti ameletewa chombo cha kushindilia. Sisi tunakiita kishindilio. Kimefungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza, kina mkono wa kuvuta na springi ndani yake. Unaweka kijikombe chini, unavuta mpaka kinalia, ka! Hapo hakiendi tena, hata uvute kwa nguvu za ng'ombe. Uwe na hasira, uwe mpole, unga unashindiliwa sawasawa. Eliudi alikikataa, akasema ni chombo cha wavivu. Bwana Ernesti akaniita mimi nikiwa na mapovu ya sabuni mikononi. Nikavuta. Akaonja, akaniambia nivute tena. Akaonja tena, akacheka, akasema, "Kesho utasimama hapa."

Nasimama nyuma ya pazia, kaka, wateja hawanioni. Bia inauzwa upande wa mbele na mkono wangu hauigusi. Najua hukupenda tangu mwanzo. Lakini ile kahawa ilipotoka na povu lake rangi ya asali, nilifurahi, na sina wa kumwambia ila wewe.

Nduguyo,
Mwamvua


Wete, Pemba
20 Machi 1956

Ndugu yangu Mwamvua,

Salamu zako zimefika, na Mama amezipokea kwa dua ndefu iliyochelewesha chakula. Goti lake lina siku nzuri na siku mbaya. Kisimani simruhusu tena. Mikarafuu imechipua vizuri.

Nina habari ya kukufurahisha. Mzee Sadalla wa Mtambwe ameleta posa. Amtaka Wanu wetu kwa mwanawe Hatibu. Kijana ni mtulivu, anaswali, ana shamba lake. Wanu nilipomweleza aliinamisha kichwa, kisha nikamsikia ndani akicheka na bibi yake. Nimejibu kheri.

Mzee Sadalla ni mtu wa heshima, na mtu wa heshima huuliza. Aliuliza mama wa binti yuko wapi. Nikamwambia yuko Tanga kwa wakwe zake, anawashonea nguo wanawake wa majumbani.

Usikasirike. Ningemwambia nini? Kwamba binti Bakar anawapikia Wazungu kahawa pahali panapouzwa ulevi? Baba alisomesha Kurani katika mji huu. Nakuomba urudi kwenye cherehani yako, ili niliyoyasema yawe kweli. Habari za hicho chombo sikuzielewa sana, wala sikumsomea Mama kipande hicho.

Kakako,
Massoud bin Bakar


Tanga
28 Aprili 1956

Kaka yangu,

Shikamoo, na Mungu akupokelee funga yako. Nimelia kwa furaha ya Wanu mpaka jirani akaja kuniuliza nani amekufa. Zubeiri, ambaye ndiye walii wake, ameridhia, na atampa kadhi wa huko idhini afungishe nikaha kwa niaba yake. Yule kichanga wake sasa anacheka na kila mtu.

Cherehani sina, kaka. Niliiuza marehemu mume wangu Uweso alipokuwa mgonjwa kitandani. Nilidhani unajua.

Mimi nafunga na Wazungu hawafungi, kwa hiyo nasimama kutwa mbele ya kahawa nisiyoweza kuionja. Eliudi zamani alikuwa lazima aonje, ajue mkono wake leo umeamkaje. Mimi sionji. Najaza unga, nausawazisha kwa kidole, navuta, kinalia, napeleka. Hakuna kikombe kilichorudi. Mzungu mmoja wa kule Amani, anayeteremka mjini mara kwa mara, alimwuliza Bwana Ernesti nani amepata mkono mzuri hivi. Akajibiwa, "Ni mama mmoja." Akacheka, akidhani ni mzaha.

Watu waambie kama ulivyokwisha kuwaambia. Sitakuvunjia uso. Lakini Mama usimfiche.

Mwamvua


Wete
30 Juni 1956

Ndugu yangu Mwamvua,

Natumai hujambo. Hapa hatujambo. Mama hajambo, Wanu hajambo. Mvua zimekatika.

Utasikia kwa watu kwamba nilikuja Tanga juma lililopita pamoja na Mzee Sadalla, kununua mabati ya nyumba ya bwana harusi. Ilikuwa safari ya haraka mno, dukani na gatini basi. Sikupata wasaa wa kufika Chumbageni. Niwie radhi.

Kwa mleta barua hii pokea kanga doti mbili, samli na halua. Nimeongeza na mchele wa shambani. Ukihitaji kitu kingine sema. Chochote.

Arusi tumeiweka Desemba.

Massoud


Wete
18 Agosti 1956

Ndugu yangu,

Hujanijibu. Idi kubwa imepita bila salamu yako, na Mama anauliza kila posta inapofika. Nimemwambia labda barua imepotea njiani. Niliyempa vitu anasema ulivipokea na hukutamka neno. Kama unaumwa, niambie.

Karafuu zimeanza kuchumwa. Wanu anakusalimu sana.

Massoud


Tanga
9 Septemba 1956

Kaka Massoud,

Shikamoo. Siumwi. Mama mwambie barua haikupotea, mwandishi wake ndiye hakujua aanzie wapi. Mtoto wa Zubeiri ameota meno. Halua niliwagawia majirani. Kanga zimo sandukuni, sijazifunga. Ahsante kwa vyote.

Nilisubiri useme wewe. Ulileta samli, hukusema. Basi acha niseme mimi.

Uani kwa Bwana Ernesti hukaa kunywa kahawa Wahindi, Waarabu na watu wetu wenye kanzu safi. Siku ile mliyokuja Tanga, muuza mabati ndiye aliyewaleta pale, wewe na Mzee Sadalla. Nilikusikia ukipiga chafya na kumshukuru Mungu kabla sijakuona. Nikachungulia penye mkunjo wa pazia. Nikajua umekuja kunitazama! Nikapika vikombe vyenu kwa furaha. Mzee Sadalla akanywa, akataka kingine, nikamsikia akisema, "Hiki cha pili ni sawasawa na cha kwanza. Kahawa nimeinywa tangu ujana wangu sijaona hivi. Nani mpishi?"

Bwana Ernesti, kwa majivuno yake, akavuta pazia.

Mzee akashangaa. "Mwanamke? Tena mtu wetu?" Alinitazama kwa upole, sikuona dharau. "Mama, wewe ni mtu wa wapi?"

Nilikuangalia wewe, kaka. Wewe ulikuwa ukiangalia ndani ya kikombe.

Nikasema, "Wa hapahapa Tanga."

Akakugeukia. "Masikini. Massoud, huyu hana ndugu wa kumtunza?"

Ukasema, "Huenda hana."

Pazia likarudishwa. Mzee akaagiza kahawa tena. Nusu ya unga niliumwaga mezani. Lakini nilivuta, chombo kikalia, na kahawa ikatoka ileile, na povu lake. Nikamsikia akiisifu. Siku ile nilikichukia kishindilio. Ningekuwa nashindilia kwa mkono mtupu, yule mzee angeonja, angejua kwamba nyuma ya pazia kuna mtu amefikwa na jambo.

Wala lililonizuia kuandika si neno lako tu. Ni langu pia. Mimi ndiye niliyetangulia. Kabla hujafungua mdomo nilikwisha kumkana Mama na nyumba ya baba yangu, upesi, kama mtu aliyejizoeza. Aibu hiyo sijapata pa kuiweka.

Sasa nijibu jambo moja. Mzee Sadalla amekwisha kuuona uso wangu. Arusini nije, au nisije?

Mwamvua


Wete
14 Oktoba 1956

Ndugu yangu Mwamvua,

Mama na Wanu wazima, wanakusalimu. Barua yako niliisoma shambani, nikakaa chini mbele ya wachumaji, wakadhani nimeletewa habari ya msiba.

Sina la kujitetea. Pazia lilipovutwa, jina lako lilinifika mdomoni. Kisha nikamfikiri Wanu, nikalimeza. Ndivyo ninavyojiambia. Nikijihoji vizuri naona sikumfikiri Wanu. Niliifikiri kanzu yangu.

Swali lako nimeligeuza usiku na mchana. Njoo, ndugu yangu. Lakini ukifika ukae chumba cha ndani kwa Mama, na Mzee Sadalla atakapotaka kumwamkia mama wa bibi harusi, umwitikie kutoka nyuma ya mlango. Ni siku moja tu. Wakishaoana tutatafuta namna ya kumweleza polepole.

Naandika haya na uso unaniwaka. Lakini nimeandika.

Massoud


Tanga
2 Novemba 1956

Kaka,

Shikamoo. Huku sote wazima.

Pazia ninalo la kunitosha. Sitavuka bahari kuja kujificha katika nyumba niliyozaliwa.

Arusi isisimame, Wanu hana kosa. Mama ndiye amchagulie kungwi. Mwambie mwanangu nimempa radhi yangu yote, na siku ya nikaha nitakuwa juu ya mswala kwa ajili yake. Sababu ya kutokuja kwangu utaisema wewe. Mimi sikuchagulii la kusema.

Mwamvua


Wete
29 Desemba 1956

Ndugu yangu Mwamvua,

Wanu ameolewa. Alipendeza, na Mama alikaa kando yake, akamfunga kikuba cha maua kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ulijue kwanza. Wanu alikuulizia asubuhi, nikamwambia hukuweza. Akageuza uso ukutani.

Wanaume tulikaa barazani baada ya alasiri. Kadhi alipokuwa anajitayarisha, Mzee Sadalla akaniuliza mbele ya watu, "Mama wa binti amefika salama?"

Jibu nilikuwa nalo siku nyingi. Nikasema, "Ameshindwa kuvuka. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa sana?"

"Sana."

Yule mzee akakunja uso kwa huruma. "Jamani," akasema, "tusianze furaha na mwenzetu yuko kitandani. Tumwombee." Akainua mikono. Baraza zima likainua mikono, wazee, vijana, bwana harusi katika joho lake. Kadhi akasoma dua ya shifaa, akalitaja jina lako na la baba yetu. Kila anapotua wanaitikia amina. Mwamvua, mdomo wangu haukufunguka. Niliwatazama watu wema wote wale, nimewakusanya kumwomba Mungu juu ya uongo wangu.

Nikasema, "Kadhi, niwie radhi. Ishia hapo."

Wakanigeukia wote.

"Ndugu yangu hana ugonjwa," nikasema. "Mzee Sadalla, ndiye yule mama aliyetupikia kahawa Tanga."

Mzee akaishusha mikono polepole. "Nilikuuliza siku ile."

"Uliniuliza."

"Ukanijibu."

"Nilikujibu."

Mzee akamwambia kadhi, "Watoto hawana kosa. Fungisha." Nikaha ikafungwa. Ilipokwisha aliomba viatu vyake, akaondoka na watu wake wote, hata tonge hawakutia mdomoni. Aliponipita alisema kwa sauti ndogo, "Nilimwita masikini. Ukaniacha nimwite hivyo mama wa mkazamwanangu, na wewe unakunywa."

Pilau ilibaki masufuria kwa masufuria. Tuliwagawia majirani hadi kesho yake, nao waliipokea bila kunitazama. Mama ananijibu salamu tu. Nimemsomea barua zako zote. Ile ya kishindilio aliniambia niirudie.

Sikuombi unisamehe. Sijui naomba nini.

Massoud


Tanga
17 Februari 1957

Kaka yangu Massoud,

Shikamoo. Mafuta ya goti la Mama nimempa Wanu. Mama mwambie asugue kabla ya kulala, wala asiwagawie mashoga zake. Mtoto wa Zubeiri ameanza kusimama dede.

Wanu na mumewe wamekuja kunitazama, na aliyewaleta ni Mzee Sadalla mwenyewe. Alifika mpaka chumbani kwangu Chumbageni, akakaa kitini hajui mikono aiweke wapi, akaniomba radhi kwa neno lile. Nikamwambia siku ile hakuwa amekosea sana. Aliinama. Akauliza kama Bwana Ernesti ananistahi, nikamwambia ananistahi. Hakusema kwamba anaipenda kazi yangu, wala sikumwuliza.

Wanu alitaka kuona. Nilimpeleka asubuhi kabla wateja hawajaja. Alivuta kishindilio, akaruka kilipolia, akacheka kama mtoto. Kahawa yenyewe aliionja akaitema. Halafu akakitazama tena kile chuma, akaniuliza, "Mama, hiki ndicho kilichomtia mjomba aibu?" Nikakitazama nami. Kilikuwa chuma kidogo tu, ukingoni mwa meza, hata vumbi la kahawa sijakifuta.

Anasema siku hizi unaswalia nyumbani ili usikutane na watu. Usifanye hivyo, kaka. Mama akiumwa ghafla utamwita nani?

Umesema hujui unaomba nini. Mimi nami sijui kama nimekusamehe. Kuna asubuhi naamka sina kinyongo. Kisha jioni napangusa meza, neno lako linanirudia, nakasirika upya kama ndiyo kwanza nalisikia. Hapohapo nakukumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani njia ikiwa na matope. Sitakuandikia neno la msamaha ambalo bado sinalo.

Lakini uje. Usilete samli wala halua. Usianzie Chumbageni, maana tutaamkiana mlangoni, tutaulizana hali, tutayapita haya kama hayakuwako. Njoo mkahawani mchana, uani kumejaa watu. Eliudi atakufuata kukuuliza unataka nini. Usiagize kitu. Mwambie, kwa sauti yako ya siku zote, umekuja kumwona ndugu yako.

Mimi nitakuwa nimesimama palepale. Nitasikia.

Mwamvua binti Bakar